Naomba ushauri: nilisaini listi ya prezansi (majina ya batu benye bamefika ku reunio), sasa banasema nilikubali dola 15

Binti Kadutu (Bukavu)

Bandugu habari zenu, munivumilie juu itakuwa murefu kidogo. Mi niko mwanafunzi wa mwaka wa pili ku institi moja ya juu hapa Bukavu, jina sitaitaja, na toka mwezi wa tatu banafunzi benzangu balinichagua niwe muwakilishi wabo ku konse ya institi, ile baraza yenye kuamua mambo ya masomo na feza. Mbele nilikuwaka CP (chef wa promosio, mukubwa wa darasa) wa promosio yetu, na kazi ya CP naijua, kukusanya feza za silabusi, kupigia simu profesa mwenye hajafika, kubandika oreri ya masomo ku valve (ubao wa matangazo), lakini konse ni kitu ingine kabisa.

Jumanne saa moja ya asubuhi napata mesaji ku simu kwamba kuna reunio saa tatu. Ajenda hakuna. Nafika, tuko batu 11 ku meza: DG (mukurugenzi mukuu), katibu mukuu wa masomo, katibu mukuu wa utawala, AB (administrateri wa bajeti), bakubwa ba seksio, mumoja wa maasistanti, mumoja wa bafanyakazi ba biro, na mimi peke yangu mwanafunzi. Bakaongea mambo mengi, na karibu ku mwisho AB akasema kuanzia semestre hii kila mwanafunzi ataongeza dola 15 ya kompyuta na intaneti. Nikanyoosha mukono, nikauliza feza ya kompyuta ya mwaka jana ilienda wapi maana sale (chumba) ya kompyuta iko na mashini sita na mbili tu njo zinawaka. DG akasema "tumesikia mwanangu", tukaenda ku jambo ingine. Kisha karatasi ikazunguka, juu yake imeandikwa listi ya prezansi, nikasaini ku namba 11, hata kalamu ilikuwa ya mutu wa pembeni yangu. Ile njo yote nilisaini, nawaapia.

Ijumaa nakuta PV (maandishi ya yale yaliyosemwa ku reunio) ku valve, kurasa tatu. Mbili za kwanza ni maamuzi, ya tatu njo ile karatasi yetu ya majina, zote zimebanwa na agrafe moja (kile kipini cha kushikanisha karatasi), na chini ya ukurasa wa pili imeandikwa imekubaliwa na bajumbe bote. Swali langu halimo hata musitari moja. Sasa benzangu bananiona sawa musaliti. Mutu mumoja aliniuliza mbele ya promosio nzima "ulikula ngapi?" na mi nililia, sitaficha.

Kuna benye banataka Jumatatu tufunge barabara. Mi sijui nijiuzulu, niandike barua, ao nifanye nini. Na tena, maasistanti nabo hawana furaha na komite yenye kuongoza institi, je naweza bategemea? Naomba mawazo ya batu benye bamepitia haya.

Shangazi Nguba (Bukavu)

Pole sana mwanangu. Usijiuzulu. Ukitoka wiki hii, ile neno "ulikula" itakufuata mpaka diplome, watu watasema alikimbia juu alikuwa na kitu mfukoni. Kwanza waite ma-CP wote uwaonyeshe ukurasa ule wa tatu, wasome wenyewe kichwa cha karatasi. Mi nimefanya biro miaka mingi, listi ya prezansi inaonyesha nani alikuwa kwenye kiti, basi.

CT wa Himbi (Goma)

Dada, mi niko chef de travaux (CT, ngazi yenye kufuata asistanti) hapa Goma na nilikalia konse miaka miwili kama muwakilishi wa maasistanti na ma-CT, kwa hiyo nitakueleza vile ninavyojua.

Kwanza, PV ile bado haijafa na haijazaliwa kabisa. Kawaida PV ya reunio inasomwa mwanzoni mwa reunio inayofuata, watu wanarekebisha, halafu njo inapitishwa. Kuibandika ku valve mbele ya kuisoma ni kuruka hatua. Kwa hiyo usiandike barua ya kulalamika, andika barua ya kuomba marekebisho ya PV, ni vitu viwili tofauti na hii ya pili hawawezi kukukasirikia kirahisi juu ni haki ya kila mjumbe. Iwe fupi. Tarehe ya reunio, swali uliuliza (maneno yako yenyewe, mashini sita, mbili zinawaka), jibu la DG, na kwamba kura haikupigwa, kama kweli haikupigwa. Halafu uombe musitari ule wa "bajumbe bote" utolewe. Peleka kwa DG, kopi kwa katibu mukuu wa masomo, kopi kwa muwakilishi wa kila kundi lenye kukaa mule. Na usitoke sekretariati bila kopi yako kupigwa kashe (muhuri) na tarehe. Bila kashe, barua haikuandikwa.

Pili, règlement ya ndani ya institi (kanuni zake), iombe. Angalia inasema konvokasio (mwaliko wa reunio) inatumwa siku ngapi mbele na kama ajenda lazima ifuatane nayo. Mesaji ya saa moja kwa reunio ya saa tatu, sijaona règlement yenye kukubali ile. Soma pia instruksio akademiki ambayo wizara inatoa kila mwaka, mambo ya fre (ada za banafunzi) yanaongelewaka mule, ujue kama hiyo dola 15 ina jina ao ni kitu kipya cha hapo kwenu tu.

Sasa kuhusu maasistanti. Hapa nitasema ukweli hata kama benzangu watanuna. Muwakilishi wetu alikaa pale kimya, siyo? Jiulize kwa nini. Mushahara wa serikali ni mudogo, na kuna wengi miaka inapita hawajaingizwa hata ku listi ya malipo, wanaishi na primi lokali (malipo ya nyongeza yenye institi yenyewe inatoa), na primi lokali inatoka wapi? Inatoka ku fre ya banafunzi. Kwa hiyo AB akisema dola 15, wewe unasikia mzigo, yeye anasikia labda mwezi huu primi itafika. Mi mwenyewe nimekaa kimya ku konse siku moja juu ya ile sababu, na mpaka leo inaniuma. Usimchukie, lakini usiende kwake na neno "tukatae". Nenda na neno "tuonyeshwe hesabu". Feza ya mwaka jana iliingia ngapi, ilinunua nini. Hapo mwanafunzi na asistanti wanataka kitu kimoja, juu hata yeye haonyeshwi.

Tumaini_B (Bukavu)

Mi sikubaliane. Barua zimeandikwa tangu baba zetu, zinalala ku drowa. Wakifunga sale ya mitihani juu ya dola 15, barua itakufungulia mlango? Barabara ikifungwa masaa mawili tu, DG atapiga simu mwenyewe. Dada anateswa bure, wenye kosa wako ku biro.

Muzee wa Kamalondo (Lubumbashi)

Mwanangu Tumaini, nakuelewa, lakini sikiliza kidogo. Mi nilikuwa ku kampasi ya Lubumbashi mwaka 1990. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei batu balikuja mu mabweni yetu na silaha, banafunzi baliuawa, na mpaka leo hesabu ya benye balikufa haijakubaliwa na bote. Siwezi andika mengi, mikono inatetemeka.

Nataka tu muelewe ilivyokuwa mbele ya pale. Kutoka 1971 vyuo vikuu vyote vilikuwa vimefanywa kimoja, UNAZA (chuo kikuu cha taifa ya Zaïre), hata kisha kugawanywa tena 1981 kuwa Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi, muwakilishi wa banafunzi alikuwa mutu wa JMPR, vijana ba chama cha Mobutu. Hatukumuchagua sisi kwa sisi. Tulipokuwa na shida ya burse ao ya chakula hatukuwa na mutu wa kututetea ku meza, alikuwepo mutu wa kutuchunguza. Kwa hiyo kiti kile Binti Kadutu amekalia, kwangu ni kitu kikubwa sana, hata kama leo kimefungwa agrafe vibaya. Musikipige mateke. Kama mutaenda ku barabara, muende siku barua yenu yenye kashe imekaa bila jibu, na bazazi benu banajua. Siyo Jumatatu hii.

Mama Neema (California)

Shikamoo Mzee, na pole dada. Mimi ni wa Uvira, nilikaa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, miaka mingi, sasa niko Marekani na nimesoma kwenye chuo cha jamii hapa California, vile vyuo vya miaka miwili ambavyo mtu anaingia hata akiwa na watoto na kazi ya usiku kama mimi. Nilikuwa kwenye chama cha wanafunzi muhula mmoja, nikaona wanavyofanya, nakuandikia labda kuna kitu utachukua.

Huku kuna sheria ya jimbo ya mwaka 1988, wanaiita AB 1725, iliyosema vyuo hivi viongozwe kwa kushirikiana. Walimu wana baraza lao la kitaaluma, na kwa mambo ya mtaala, alama, mipango ya masomo, bodi inayoongoza chuo haiwezi kuwapita hivi hivi. Wanafunzi nao, kanuni inasema bodi isiamue jambo lenye kuwagusa sana kabla hawajapewa nafasi ya kushiriki kulitunga, isipokuwa dharura, na ada ambazo chuo kinaweza kujipangia zimo katika orodha hiyo. Mwanafunzi mmoja anakaa kwenye bodi. Usidhani ana nguvu kubwa, kura yake mara nyingi ni ya ushauri tu, haihesabiwi. Lakini inaandikwa! Nilimuona msichana mmoja akisema hapana, wote wakasema ndiyo, na katibu akaandika hapana yake na jina lake, basi kesho yake hakuna aliyemuuliza amekula ngapi.

Na kitu kingine, ajenda ya mkutano wa kawaida wa bodi lazima ibandikwe masaa 72 kabla, mahali mtu yeyote anaweza kuisoma. Hiyo ndiyo ningeomba kwanza kama ningekuwa wewe. Kupunguza dola 15 kutachukua muda, ila kuomba ajenda ibandikwe kwenye valve siku tatu kabla, hilo halimgharimu mtu hata franka moja, na ukilipata ma-CP watakupa maoni yao kabla hujaingia, hutakuwa peke yako pale kwenye kiti cha 11.

CT wa Himbi (Goma)

Mama Neema, ile ya ajenda ku valve naichukua hata mimi, nitaisema kwetu. Binti Kadutu, iweke ndani ya barua kama ombi la pili. Mawili tu, usiongeze la tatu.

Tumaini_B (Bukavu)

Sawa Muzee, nimesoma. Poleni na yale ya 1990. Nitasubiri barua, lakini naomba kuwe na siku ya mwisho ya kujibu, isiwe ya kungojea tu milele.

Binti Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana bandugu bote, Muzee nimekusoma mara tatu.

Jana usiku niliandika barua na ma-CP bawili, ukurasa moja. Marekebisho ya PV, na ajenda ku valve siku tatu mbele ya kila reunio. Tuliweka siku kumi za kujibu, Tumaini ile ni yako. Ya hesabu ya mwaka jana hatukuiweka, nilienda kwanza kwa yule asistanti wa konse nikamwambia vile CT alisema. Alinyamaza sana kisha akasema ataiuliza yeye mwenyewe ku reunio yenye kuja, sijui kama ataiuliza kweli, lakini aliandika ku daftari yake mbele ya macho yangu.

Leo asubuhi nikapeleka. Mama wa sekretariati akasoma yote, akaniangalia, akasoma tena, akafungua drowa akatoa kashe, akapiga ku kopi yangu na kuandika na mukono saa nne na dakika 40. Nikapiga foto, nikaituma ku grupu ya promosio pamoja na ule ukurasa wa tatu. Yule mwenye aliniuliza nilikula ngapi hajaandika kitu, lakini aliweka alama kwamba ameona.

Jumamosi saa tatu ma-CP bote tunakutana. Barua nitabasomea mimi mwenyewe.