Mng'ao wa birika na kivuli cha embe katika rangi za maji

Muulizaji: Habari zenu, wachoraji wenzangu. Kwa wiki mbili nimekuwa nikichora kwa rangi za maji maembe mawili na birika la shaba lililowekwa mezani karibu na dirisha, nikitaka mtazamaji atamani kuyashika. Maumbo yamekubali, lakini kivuli kilicho chini ya embe kimekuwa tope, na mng'ao wa birika, niliouweka mwishoni kwa rangi nyeupe, unaonekana kama tone la chokaa. Nimekosea wapi?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu, weupe katika rangi za maji ni karatasi yenyewe. Kabla ya kulowesha brashi, zungushia kila mng'ao mstari mwembamba wa penseli, kisha usiuguse hadi mwisho. Mng'ao wa shaba una ukingo mkali, kwa hiyo rangi ikomee kwenye karatasi kavu. Wa ngozi ya embe ni laini, nao utaulainisha kwa brashi safi yenye unyevu kabla rangi haijakauka. Kuhusu tope, nadhani unatia tabaka la pili mapema mno. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole: ikiwa ya baridi, bado ina maji ndani hata kama haimetimeti, na rangi ya chini itaamka na kuvurugika na ya juu.

Mchangiaji wa pili: Nami naomba uiache rangi nyeusi. Changanya bluu ya ultramarini na kahawia ya siena iliyochomwa, upate kijivu chenye uhai, kisha karibu kabisa na embe dondoshea rangi ya chungwa kidogo, kwa kuwa tunda hutupa rangi yake mezani. Wengi wetu hupaka kivuli chote sawasawa, ilhali ukingo wake huwa mkali pale embe linapogusa meza na hufifia kadiri kinavyokwenda mbali. Kuhusu weupe, sikubaliani kabisa na mwenzangu: mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, katika picha yake ya sungura ya mwaka 1502 inayohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Albertina mjini Vienna, alitumia pia rangi nyeupe nzito, ila kwa mistari myembamba kama unywele.

Muulizaji: Asanteni sana. Nimegusa, na kweli ni baridi. Karatasi yangu ni ya gramu 180 na hujikunja kila ninapoilowesha, na maembe, kwa bahati mbaya, yameanza kuota madoa meusi.

Mchangiaji wa kwanza: Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ikiwezekana ya pamba, uibane kingo zote kwenye ubao. Nunua maembe mengine umalize kuyachora kwanza, maana birika haliozi. Ukingo wa kivuli uchore kwa penseli mara tu unapoketi, kwa sababu baada ya saa moja jua litakuwa limeshakisogeza.