Gari la uwanja wa mbio: injini yenye tabo au isiyo na tabo?

GiaYaTano
Wakuu, habari zenu. Nina gari lisilo na tabo (kile kifaa cha kushindilia hewa kwenye injini), lita 2, na utamu wake wote uko juu ya mizunguko 6,000 kwa dakika. Nataka kubadili, na kila ninayemuuliza ananiambia chukua tabo. Nikihamia huko napata nini, napoteza nini? Naenda nalo uwanjani wikiendi.

FundiPistoni
Mkuu, tazama Ferrari mbili za ukoo mmoja. 458 Italia ina V8 (silinda nane) ya lita 4.5 bila tabo: farasi 570, na nguvu ya kusokota Nm (nyutoni-mita) 540 unayoifuata hadi mizunguko 6,000. Mwaka 2015 ikaja 488 GTB, lita 3.9 na tabo mbili: farasi 670, Nm 760, tena kwenye mizunguko 3,000 tu. Siri ni hewa. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi ambao ungepotea bure, inashindilia hewa kwenye silinda, na hewa ikiwa nyingi unachoma mafuta mengi. Chukua tabo.

KonaKali
Namba hizo sizibishii, Fundi, ila kwenye kona ni habari nyingine. Gari limelalia tairi za nje, unaongeza mafuta kidogo tu kwa ncha ya kiatu. Isiyo na tabo inakupa kile kile ulichokanyaga, papo hapo. Tabo za zamani unakanyaga, kimya, kisha nguvu inamwagika yote kwa pamoja wakati tairi za nyuma zimeshaelemewa. Ndiyo maana Porsche 911 Turbo ya miaka ya 1970 iliogopwa. Na Porsche hao hao, 911 GT3 yao wameiacha bila tabo, lita 4.0, inapanda hadi mizunguko 9,000. Mimi naipenda hiyo kuliko farasi 100 za ziada.

FundiPistoni
Tabo za sasa ni nyepesi, kusubiri kumepungua sana. Asiyetaka kusubiri kabisa kuna supachaja: inashindilia hewa kama tabo, ila inaendeshwa na mkanda wa injini, inajibu mara moja, lakini inakula nguvu ya injini hiyo hiyo.

BintiOili
Mbona hamjagusa joto? Langu lilikuwa la tabo. Raundi tatu za kwanza linaruka, ya nne linazubaa, kwa sababu hewa inayoingia imeshapata moto na kompyuta inapunguza msukumo wa tabo ili kuilinda injini. Na ukimaliza usizime hapo hapo: oili iliyosimama kwenye beringi za tabo inaungua na kuganda kama masizi. Zunguka raundi moja taratibu kwanza.

GiaYaTano
Dada, hilo la joto ulilitatuaje?

BintiOili
Intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) kubwa zaidi na kipoza oili. Lakini anza kwa kupima joto la hewa inayoingia, raundi baada ya raundi. Likitulia, intakula ya kiwandani inakutosha.