Nodi 5 kwenye simuleta zinateleza, nikiweka 30 pakiti zinapotea. Nakosea wapi wakuu?

Nodi_Yatima:
Habari zenu wakuu, naomba msaada maana siku ya nne hii nimekwama. Nina projekti ya vihisi vya joto na unyevu visivyotumia waya, kila nodi (kifaa kimoja chenye vihisi na redio) ina anwani yake ya intaneti ya IPv6 na inatuma vipimo kwa UDP (utumaji usiohakikisha pakiti imefika) kila sekunde 10 mpaka kwa rauta ya mpakani, halafu vinaingia kwenye kompyuta yangu kupitia tunslip6, programu inayounganisha rauta hiyo na kompyuta. Natumia Contiki-NG (mfumo endeshi wa vifaa vidogo) na simuleta yake ya Cooja, bodi zenyewe bado sina. Nodi zikiwa 5 raha tupu, nazipingi zote zinajibu. Nikiweka 30 karibu nusu ya pakiti hazifiki. Nikasema ngoja nijaribu nodi za aina ya Tmote Sky (simuleta inaiga bodi halisi ya jina hilo) badala ya zile za Cooja, hapo ndo hata kukompaili imegoma, eti programu haienei kwenye memori. Sasa simuleta ndo mbovu au mimi? Ujumbe ni JSON (data iliyoandikwa kama maandishi) ya baiti kama 300 hivi, jina la nodi, saa, joto, unyevu, betri, toleo la programu na vikorokoro vingine.

FundiBodi:
Mkuu hiyo JSON ya baiti 300 ndo mchawi wako. Fremu moja ya 802.15.4 (kiwango cha redio ya nodi hizi) mwisho wake baiti 127, na humo humo kuna heda, yale maelezo ya mwanzo wa pakiti. IPv6 nayo inataka kiungo kinachobeba angalau baiti 1280, ndo maana katikati ikawekwa 6LoWPAN, kazi yake kubana heda (ya IPv6 peke yake ni baiti 40) na kukata pakiti kubwa vipande vipande. Ujumbe wako unatoka kama vipande 4, na kimoja kikipotea pakiti nzima inatupwa, hakuna cha kuomba kile kimoja kirudiwe. Piga hesabu, kila kipande kikiwa na nafasi 90 kwa 100 ya kufika, vinne vyote kufika ni kama 66 kwa 100, na hapo ni kuruka nodi moja tu, ukiruka tatu unabaki na 28. Najua CSMA (kanuni ya kusikiliza hewa kabla ya kutuma) inarudia fremu isiyojibiwa na hali inakuwa afadhali kuliko hesabu yangu, ila ina kikomo na kila kurudia kunazidi kujaza hewa.

Halafu kuna hili watu wengi hawalioni. Kila nodi ya njiani inaunganisha vipande kwanza ndo ipeleke mbele, na nafasi za kuunganishia kwa mipangilio ya kawaida ni chache mno. Nodi 5 hazigombanii hizo nafasi. Nodi 30 zote zikipitia majirani wawili watatu walio karibu na rauta, wale majirani wanazidiwa, vipande vya huyu vinaingia wakati vya yule havijakamilika, wanatupa.

MpitaNjia:
si utumie tu wifi kaka uachane na hayo mateso

FundiBodi:
@MpitaNjia betri zitaisha kabla hujamaliza kuandika hiyo koment 😂

BintiSakiti:
Naongezea kwa upande wa Sky. Nodi ya Cooja ni programu yako imekompailiwa kwa ajili ya kompyuta unayotumia, memori ni ya kompyuta, na hesabu zozote unazofanya zinachukua sekunde 0 kwa saa ya simuleta, kwa hiyo hata ukiandika lupu ya ovyo hutaona tofauti (ikiwa ni lupu ya kusubiri saa isogee ndo simuleta inaganda kabisa, maana saa haisogei mpaka nodi imalize zamu yake). Sky ni habari nyingine, pale MSPSim inaiga chipu ya MSP430 amri kwa amri, ramu kilobaiti 10 na flashi 48, ndo maana ni nzito ila haikudanganyi. Kwa hiyo kugoma kule kumekusaidia, bodi ya hivyo ungeinunua ungekutana na yale yale. Zima logi kwanza, maandishi ya logi yanakula flashi kuliko unavyodhani, toa laibrari ya JSON, punguza na ukubwa wa bafa ya pakiti. uIP (programu ndogo ya mtandao) ya Adam Dunkels toka mwanzo ilibuniwa iishi na bafa moja tu ya pakiti, sasa sisi tunaibebesha mizigo ya seva.

Mzee_wa_Pakiti:
Kijana, nodi zako zinatuma kwa wakati mmoja? Kama zote zinawaka pamoja na taima ni sekunde 10 kamili basi zinagongana kila mzunguko. Ongeza sekunde kadhaa za bahati nasibu kwenye kila utumaji. Angalia na redio, ile UDGM (modeli ya redio ya Cooja) kwa kawaida inasikika mita 50 lakini inavuruga wengine mpaka mita 100, kwa hiyo kuna nodi hazisikilizani ila zinaharibiana. Ukishamaliza endesha jaribio mara kadhaa ukibadilisha mbegu ya bahati nasibu (namba inayoanzisha bahati nasibu ya simuleta), mbegu ile ile inakupa majibu yale yale utadhani umepata ukweli. Na usihesabu dakika za mwanzo RPL (itifaki ya kupanga njia za pakiti) ikiwa bado inatafuta njia.

Nodi_Yatima:
Wakuu nimerudi. JSON nimeitupa, sasa natuma baiti 14 za namba tupu, toleo la programu nodi inalituma mara moja tu ikiwaka, na nimeweka bahati nasibu kwenye taima. Mbegu 5 tofauti, nodi 30, zinazopotea sasa ni za kuhesabu kwa vidole. Sky imekompaili pia baada ya kuzima logi. Ila ikiendesha 30 kompyuta inapuliza feni kama inataka kuruka na simuleta inatambaa chini ya mwendo wa kawaida.

BintiSakiti:
Changanya, weka Sky 3 pale karibu na rauta kwenye msongamano, zingine ziache za Cooja. Hakikisha tu zote zina mipangilio ile ile ya redio na namba ya PAN (namba ya mtandao wao), la sivyo hazitaonana utarudi hapa kutulilia.

Nodi_Yatima:
Haya dada, naijaribu usiku huu.