Sakafu ya jikoni: tupeane uzoefu sisi wa Mombasa

Mjenzi wa Bamburi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba yetu imefika hatua ya kumalizia, na fundi amenishauri niweke jikoni vigae vyeupe vya poselini vya sentimita 60 kwa 60, vile vinavyong'aa, kwa sababu ndivyo wateja wake wengi wanavyovitaka siku hizi. Vinapendeza, sikatai. Lakini jikoni kwetu hakupikwi kwa kusimama tu: mavyaa hukuna nazi akiwa ameketi juu ya mbuzi, samaki huparwa chini kwenye karai, seredani huwekwa karibu na mlango mvua inapotuzuia kupikia uani, na kwa kuwa maji ya mfereji huja kwa zamu, tunatumia pia maji ya kisima ambayo yana chumvi. Chumba kina mita 3 kwa 4, na mlango wa nyuma unafungukia uani. Ninaomba kila mwenye sakafu iliyokwisha kutumika miaka kadhaa atueleze ni ya aina gani, imevumilia nini, na kama angejenga leo angeiweka tena. Wauza vigae tafadhali wasubiri. Bei nitaiuliza dukani.

Mstaafu wa Tudor

Wa alaykum salaam, dada. Vigae unavyovieleza ndivyo tulivyo navyo sisi, na kwa upande wa uimara sina la kulalamika, kwa sababu poselini ya kweli hainywi maji zaidi ya nusu asilimia ya uzito wake, kwa hivyo manjano, mafuta ya nazi na damu ya samaki hubaki juu hadi vipanguswe. Shida ni mguu. Sakafu hiyo ikiwa kavu haina neno, lakini tone la mafuta likikutana na maji huwezi kulitambua mpaka umekwisha kulikanyaga, na mama yetu aliteleza akiwa na sufuria ya tui mkononi. Alhamdulillah lilikuwa bado halijatelekwa. Wakati wa masika, hewa ikiwa nzito, sakafu yenyewe hutoa jasho hata kama hapana aliyemwaga kitu. Maji ya kisima nayo huacha miduara myeupe ambayo huioni ukiitazama kutoka juu, ila jua la jioni likiingia ubavuni unaiona yote. Tumeishia kutandika mikeka ya mpira, na ile fahari tuliyoilipia haionekani tena.

Nyumba ya binti yetu kule Kisauni tuliweka poselini isiyong'aa, ya rangi ya mchanga, yenye alama ya R10 kwenye katoni. Alama hizo huanzia R9 na kuishia R13, na kadiri namba inavyopanda ndivyo kigae kinavyoshika mguu zaidi. Msichukue cha juu kabisa mkidhani ndicho bora, kwa maana R12 ni kwaruzakwaruza, kitambara hakipiti, na uchafu hujikita ndani yake. Kwa jikoni la nyumbani R10 inatosha, na hiyo ndiyo ningeiweka tena.

Bint Kibokoni

Sisi wa Mji wa Kale tuna hesabu nyingine. Jikoni letu liko orofani, juu ya boriti za mikoko zilizopangwa na kujazwa mawe na chokaa, na sakafu ya juu ni saruji nyekundu iliyopigwa niru ya kuilainisha enzi za babu. Mtu wa kwanza tuliyemwita alitaka kumwaga zege jipya na kuweka vigae juu yake, bila hata kupanda ngazi kutazama boriti zinabeba nini. Ndugu yangu ambaye ni mhandisi alimzuia, kwa sababu zege la unene wa sentimita 5 tu huongeza zaidi ya kilo 100 kwa kila mita moja ya mraba, na vigae bado havijahesabiwa. Tulikwenda pia kwenye ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, nami ninawasihi wenye nyumba kama zetu wafanye hivyo kabla ya kugusa lolote.

Mwishowe tuliziba nyufa, tukaisugua na kuipaka polishi. Sakafu hiyo ni baridi, haitelezi sana ikiwa polishi haikuzidishwa, na mchi ukianguka huacha kovu dogo badala ya kupasua kigae kizima. Kazi yake ni matunzo: polishi mpya hutia nyayo rangi, na wageni wenye soksi nyeupe wanalijua hilo. Kwa uzuri, mimi siibadilishi kwa kigae chochote.

Fundi wa Likoni

Nimesoma yote kwa makini. Mimi huweka vigae kwa riziki yangu, na ninachokiona ni kwamba wateja hubishana juu ya rangi wiki nzima, kisha hawaulizi hata neno moja kuhusu kitakachokuwa chini. Sakafu nyingi ninazoitwa kuzivunja vigae vyake ni vizima kabisa.

Kwanza ni zege. Lipeni siku 28 likomae, na chini yake pawe na nailoni nzito ya kujengea ili unyevu wa ardhi usipande. Mchanga uwe wa mto. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi hiyo hupanda pamoja na unyevu ikatokeza kwenye viungo kama unga mweupe ambao utaufagia kila siku nao utarudi. Pili ni mteremko. Kwa kuwa dada ana mlango wa uani, plasta ya sakafu iteremke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea huko, ipimwe kwa pimamaji kabla ya kigae cha kwanza kulala, kwa sababu hapana gundi itakayorekebisha mteremko uliosahauliwa.

Tatu, na hapa ndipo wengi huibiwa, ni namna gundi inavyopakwa. Fundi mwenye haraka huweka madonge matano nyuma ya kigae, manne pembeni na moja katikati, akakigonga kikalingana na wenzake. Juu kinaonekana kimetulia, lakini chini kina mapango. Mtungi wa gesi ukiburutwa juu yake, au kinu kikitwangiwa hapo, kigae hupasuka palepale penye pango. Gundi inapasa kutandazwa kwa mwiko wa meno ijae yote, na kwa vigae vikubwa ipakwe kidogo hata mgongoni mwa kigae. Ukitaka kujua kama fundi wako amefanya hivyo, mwombe ainue kimoja kabla hakijashika, ukitazame nyuma. Ikiwa kazi imekwisha kukauka, pita ukigonga kwa sarafu: palipojaa hutoa mlio mzito, na palipo wazi huvuma.

Liko pia suala la nafasi. Msikubali vigae vigusane kwa kisingizio kwamba viungo havipendezi. Acheni angalau milimita 2 au 3 kati yake, na pembeni mwa ukuta muache nafasi ambayo sketi, yaani ukanda wa vigae wa chini ya ukuta, itaifunika, la sivyo joto likipanda vigae vitasukumana na siku moja mtasikia mlio mkubwa mkute safu nzima imenyanyuka. Grauti ya kujazia ikiwa ya saruji ya kawaida hunywa manjano, kwa hivyo chagueni rangi ya kijivu au hudhurungi. Ile ya epoksi, yaani ya gundi ya plastiki badala ya saruji, ni ghali na huhitaji mkono mwepesi, lakini haishiki doa kwa urahisi, na kwa jikoni la bizari ninaona inastahili gharama yake.

Ama mbuzi na kinu, dada, mbuzi hana shida ukimwekea kipande cha jamvi chini. Kinu kitolewe nje.

Mpangaji wa Mikindani

Mimi ni mpangaji, siwezi kuvunja sakafu ya mtu, kwa hivyo niliweka mkeka wa plastiki wenye maua. Ulipendeza na ulikuwa rahisi kupiga deki. Cheche za seredani ziliutoboa, na nilipouinua nikakuta chini kumeota ukungu mweusi, kwa kuwa nyumba hizi za zamani hazina kizuizi cha unyevu. Kwa anayejenga kwake sioni sababu ya kuufikiria.

Mkazi wa Kizingo

Ningependa kuwatahadharisha wanaovutiwa na marumaru. Nyumba tuliyoinunua ilikuwa nayo tayari jikoni, nyeupe yenye mishipa ya kijivu, na kila mgeni huisifu. Lakini marumaru ni jiwe la jamii ya chokaa, na tone la ndimu, siki au ukwaju huila ikabaki alama iliyofifia ambayo si doa la kusafishwa, bali ni jiwe lenyewe lililoliwa. Hapa kwetu ni mchuzi gani usiotiwa ndimu? Graniti haina udhaifu huo.

Terazo nayo tunayo barazani, ya tangu nyumba ilipojengwa, nami ninaipenda mno: haina viungo vya kukusanya uchafu, na ikichakaa huletwa mashine ikasuguliwa upya. Hata hivyo imetengenezwa kwa saruji na chembe za marumaru, basi ndimu huiathiri vilevile, na ile asidi kali ya kusafishia vyoo isiikaribie. Kupata fundi wa terazo aliye hodari siku hizi ni kazi.

Mama wa Changamwe

Nilivutiwa na mawe ya Mazeras kwa sababu ni ya hapa kwetu na yanashika mguu hata yakilowa. Uani yanafaa sana. Jikoni mafuta yaliingia kwenye vinyweleo kabla hatujapaka dawa ya kuziba, na kiti hakisimami sawa juu yake. Ningeyaweka tena, lakini kuanzia mlangoni kwenda nje.

Mjenzi wa Bamburi

Shukran sana nyote. Ninaelekea kwenye poselini isiyong'aa ya R10, rangi ya mchanga, na grauti ya epoksi. Yamebaki mawili ya kumwuliza fundi: ninunue katoni ngapi, na je, vigae viwekwe hadi chini ya makabati au viishie mbele yake ili kuokoa pesa?

Fundi wa Likoni

Jikoni lako lina mita 12 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika, upate 13.2. Katoni ya 60 kwa 60 kwa kawaida huwa na vigae 4, yaani mita 1.44 za mraba, basi nunua 10, na zote zinunuliwe siku moja baada ya kuhakikisha kwamba namba ya toleo iliyopigwa ubavuni inafanana, kwa maana kigae kilekile cha toleo jingine huweza kuzidi rangi au kupungua milimita. Vitakavyobaki usimpe mtu.

Kuhusu makabati, tandika vigae ukuta hadi ukuta kwanza. Bomba la sinki likivuja, maji yaliyo chini ya kabati yatafuata mteremko hadi mlangoni utayaona. Ukiishia mbele, yatatuama nyuma ya ukingo wa vigae na kuozesha mbao kimyakimya. Na mwambie seremala kabati lisimame juu ya miguu ya plastiki ya sentimita 10, mbao isiguse sakafu.