Naombeni ushauri: shujaa wangu ana selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), nimponye au aishi nayo?

Kalamu_ya_Zuhura: Wadau, habari za muda huu. Naandika riwaya ya mapenzi ya kinjozi, nimekwama sura ya 19. Zuhura alizaliwa usiku wa mwezi mchanga uliojipinda kama mundu, na watabiri wakasema mundu huo utamvuna kabla hajatimiza miaka 21. Macho yake yakiwa manjano, watu hunong'ona kwamba ameshaitwa. Hakuna anayethubutu kumposa ila Idrisa, mtunza chemchemi. Nilipanga anywe maji ya chemchemi, apone, waoane.

Mimi mwenyewe nina selimundu. Nilipomaliza sura hiyo nililia, na si kwa furaha. Niliona kama namwambia msichana mwenye hali yangu kuwa atapendwa akishapona. Lakini marafiki waliosoma rasimu wanasema asipopona, majaaliwa yameshinda. Nifanyeje?

Msomaji_Usiku: Dada, mimi nakuomba umponye. Mdogo wangu alifariki kwa ugonjwa huo. Ningetoa chochote nimwone mtu kama yeye, hata kitabuni, akinywa maji na kuinuka.

Binti_Hadithi: Msomaji, pole sana, nakuelewa. Ila mtoa mada, utabiri ulisema atakufa, haukusema ataugua. Akifika 22, akafika 50, utabiri umevunjika hata kama bado anaumwa.

Wayoruba walikuwa na neno *abiku*, mtoto aliyeaminiwa kuzaliwa na kufa tena na tena. Wapo watafiti wanaoona kwamba baadhi ya watoto hao walikuwa na selimundu. Palipoonekana majaaliwa, palikuwa na chembe nyekundu za damu zilizojipinda na kuziba mishipa midogo. Sasa mwache Zuhura mwenyewe aanze kuhesabu siku zake: maumivu humjia baada ya baridi, baada ya kiu, baada ya kuchoka kupita kiasi. Chemchemi iwe maji ya kawaida kabisa, anayokunywa kila siku. Hapo watabiri wataanza kuogopa!

Muuguzi_Zamu: Naongezea kutoka wodini. Kuna siku atafanya yote sawasawa na maumivu yaje vilevile, kwa hiyo tafadhali usiandike kama ni kosa lake. Na kuna mazungumzo ambayo riwaya za mapenzi huyakwepa: Idrisa naye akiwa amebeba jeni moja ya ugonjwa huu, kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 50 wa mtoto mwenye selimundu. Waongee hilo kabla ya ndoa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sura ya mapenzi kuliko ile ya kupona.

Kalamu_ya_Zuhura: Asanteni kutoka moyoni. Sura ya 19 nimeifuta yote. Sasa ni usiku anaotimiza miaka 21, na maumivu yanaanzia kwenye muundi, kama mtu anapigilia msumari ndani ya mfupa. Idrisa hamkimbilii kumkumbatia, maana ameshajua kuna saa ambazo hata uzito wa shuka unauma. Anauliza, "Nikushike, au nisikuguse?" Zuhura anamjibu, "Kaa hapo hapo. Nipe maji." Wanakesha hivyo mpaka mwezi unazama.

Msomaji, mdogo wako sikumsahau. Kukipambazuka Zuhura anakwenda kwenye kaburi dogo la kaka yake, aliyezaliwa chini ya mwezi uleule, na kulimwagia maji ya chemchemi. Ukiniruhusu, nitampa jina utakalolichagua wewe.

Msomaji_Usiku: Nakuja inbox, dada.