Majibu ya moyo ya mama, namba ipi ndo ya kuogopa? Naombeni ushauri

bintimkubwa:
Habari wakuu, naombeni mnisaidie maana kichwa hakitulii. Mama yangu ana miaka 62, presha anayo siku nyingi, sasa miezi miwili hii anasema moyo unamdunda hovyo hovyo hasa akilala na jioni miguu inavimba. Tumepima, daktari kaongea harakaharaka foleni ilikuwa ndefu, nimetoka na makaratasi tu. Eko (ultrasound ya moyo) inasema EF 42%, chumba cha juu cha kushoto kimetanuka, NT-proBNP 890, kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) wameandika QTc 485. Kaanzishiwa dawa ya kutoa maji. Hiyo 42 ndo inaninyima usingizi, ina maana moyo umebaki chini ya nusu??

kapteni_mstaafu:
Pole sana dada. EF sio kiasi cha moyo kilichobaki. Ni asilimia ya damu inayosukumwa nje kila pigo, na hata moyo mzima hausukumi yote, 50 mpaka 70 ndo kawaida. Yangu ilishuka 30, nikameza dawa miezi kadhaa haikupanda, na ikiwa 35 kushuka chini wanahofia mapigo mabaya ya ghafla, ndo nikawekewa kifaa cha kushtua moyo kifuani. Mama bado hajafika huko.

sista_wodini:
Kapteni kasema kweli. NT-proBNP ni kemikali ya kwenye damu, moyo wenyewe unaitoa ukizidiwa na shinikizo, kwa mtu asiyelazwa ikiwa chini ya 125 moyo kushindwa kazi ni nadra, hivyo 890 inaendana na hiyo miguu, ila figo zikiyumba nayo hupanda kwahiyo ulizia na kreatinini, kipimo cha figo. Hicho chumba kilichotanuka ndo mara nyingi mapigo yasiyo na mpangilio yanapoanzia, na huwa yanakuja na kuondoka, ECG ya sekunde 10 inaweza isiyaone kabisa. Omba avae Holter, mashine ndogo ya kurekodi mapigo, masaa 24 au zaidi, maana mapigo hayo yanaweza kugandisha damu mwishowe kiharusi.

Lakini mimi kinachonishtua ni QTc, yaani muda ambao umeme wa moyo unachukua kujiweka sawa baada ya kila pigo, ukirefuka mapigo yanaweza kuvurugika ghafla. Kwa mwanamke ikizidi 460 ni ndefu, ikizidi 500 ni hatari kabisa. Dawa za maji nyingi zinaondoka na potasiamu na magnesiamu, na hizo zikipungua QTc inazidi kurefuka. Potasiamu yake ngapi? Na anameza nini kingine?

bintimkubwa:
Nimegeuza karatasi, potasiamu 3.1. Halafu tangu juzi anakunywa erithromaisini, antibayotiki ya kifua, alipewa kwingine hawakuuliza habari za moyo.

sista_wodini:
Dada usisubiri siku ya kliniki!! Kawaida inaanzia 3.5, na erithromaisini nayo inarefusha QT, vyote viwili vimemkuta mtu mmoja. Mpigie daktari sasa hivi umtajie yote, ila ya maji usimwachishe kwa uamuzi wako. Akizimia, hata akiamka mwenyewe akasema yuko sawa, mkimbizeni dharura.

kapteni_mstaafu:
Na beba ile ECG ya kwanza, watataka kulinganisha.

bintimkubwa:
Nimempata. Erithromaisini kasema asinywe tena, watambadilishia, na twende leoleo arudiwe potasiamu na ECG. Mimi nilikuwa nimekodolea 42 tu hiyo nyingine hata sikuiona. Tupo njiani, mama kakaa nyuma na bahasha yake, sista Mungu akubariki, nitarudi na majibu.