Nimekatwa dola 70 za ovadrafti (ada ya kutumia zaidi ya salio) kwa manunuzi ya dola 23, naweza kudai?

mtu_wa_zamu
Habari wakuu, hasa mlioko huku Marekani. Ijumaa asubuhi apu ilisoma salio dola 62, nikachanja kadi dukani 9, mchana tena 14, zote zikapita. Usiku bima ya gari ikavuta 58 yenyewe. Kwa hesabu yangu kilichozidi ni bima peke yake, lakini Jumatatu nakuta makato mawili ya 35, tena yamewekwa kwenye zile za 9 na 14! Yaani kitu cha dola 9 nimekilipia 44. Sasa hivi akaunti iko minasi 89 na mshahara bado. Hii ni halali kweli?

bibi_hesabu
Pole sana ndugu. Ukichanja kadi pesa haitoki saa hiyohiyo, inashikiliwa tu, halafu benki ndo inapanga ipi itangulie kutoka na kuna benki zinaanza na kubwa. Bima ikitangulia inabaki 4, basi zile ndogo mbili zinakuta hamna kitu na kila moja inakula ada yake. Wangeanza na ndogo ungekatwa mara moja tu.

Ila haki yako ipo hapa: tangu 2010 kanuni za shirikisho zinasema benki haikukati ada ya ovadrafti kwa kuchanja kadi dukani au kutoa pesa ATM mpaka uwe umekubali mwenyewe. Wengi wanakubali siku ya kufungua akaunti bila kuelezwa vizuri, na hili linaniudhi sana. Wapigie, waulize ulikubali lini. Kama hakuna kumbukumbu wakurudishie zote mbili. Na kama ipo ifute leoleo, unaruhusiwa wakati wowote, pesa ikiisha kadi inakataliwa tu hudaiwi chochote.

Kipanga
Naongezea, kanuni hiyo haigusi hundi wala malipo yanayojivuta kama bima na kodi ya nyumba, hayo wanaweza kukukata hata kama hukukubali. Ongea na watu wa bima wasogeze tarehe iwe baada ya mshahara, wengi wanakubali.

chapa_kazi
Mi naona ovadrafti ina msaada wake, siku una mgonjwa na dawa zinatakiwa utashukuru kadi kupita

bibi_hesabu
@chapa_kazi sawa, lakini dola 35 kwa kukopeshwa 9 siku mbili tatu ni mkopo ghali mno. Anayetaka kinga aunganishe akaunti ya akiba, ikipungua inajazwa kutoka huko, benki nyingi hazitozi kitu kwa hilo.

dada_mkubwa
Mdogo wangu piga simu usiogope, sema "naomba mnirudishie hizi ada, akaunti yangu siku zote iko sawa", akikataa wa kwanza omba msimamizi. Wanarudisha mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Usije ukaitelekeza hiyo akaunti, wakiifunga na deni wanakuripoti ChexSystems, kampuni inayotunza rekodi za akaunti zenye matatizo, jina linakaa huko hadi miaka 5 na benki nyingine zinakunyima akaunti. Ukitaka kuhama, benki za Capital One na Citibank zilifuta ada hizi 2022, pia kuna akaunti zenye alama ya Bank On, mpango wa akaunti za gharama nafuu, hizo hazina ovadrafti kabisa. Ile kanuni ya shirikisho ya kushusha ada ya ovadrafti hadi dola 5 kwenye benki kubwa msiisubiri, Bunge liliifuta 2025.

mtu_wa_zamu
Asanteni sana jamani. Nimepiga, wanasema ruhusa ipo tangu nafungua akaunti, ila moja wamerudisha palepale, ya pili iko kwa msimamizi. Ruhusa nimeifuta, ilikuwa ndani kabisa kwenye mipangilio ya kadi. Sasa mbona petroli ya dola 14 nyingine imeshika salio kubwa kuliko niliyoweka?

bibi_hesabu
Pampu haijui utajaza kiasi gani, kwa hiyo inashikilia kiasi kikubwa kwanza mpaka malipo halisi yafike benki. Salio likiwa dogo ingia ndani ulipe kwa keshia kabla ya kujaza, umtajie kiasi kamili.